Lebo 18 za Mwanzo

Walimu wa wavuti hapa Nairobi wana ugomvi usioisha: mwanafunzi aanzie wapi? Wengine husema aingie React moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya kazi. Wengine, ati hapana, HTML kwanza. Kila upande huita chake "msingi", na kijana aliyechangiwa karo na shangazi anabaki kukodoa macho. Hebu tuiulize historia.

Machi 1989, Tim Berners-Lee aliandika pendekezo kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tatizo lilikuwa la kawaida kabisa: watafiti walikuja na kuondoka, na walichokijua kikapotea nao. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na seva, brauza, anwani za kurasa na lugha ya kuziandika, yote kwenye kompyuta moja ya NeXT. Brauza hiyo ilikuwezesha kusoma na pia kuandika, jambo ambalo tulilisahau haraka mno.

Na vitu vyenyewe vilikuwa vichache. Ombi kwa seva lilikuwa mstari mmoja: neno GET na njia ya ukurasa. Seva inarudisha maandishi, inakata mawasiliano, basi. Hati ya 1991 ilieleza lebo 18 tu za HTML, nyingi zikiwa zimeazimwa kutoka lugha ya nyaraka iliyokuwa ikitumika palepale CERN. Jipya hasa lilikuwa kiungo.

Mengine yalikuja baadaye. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS Oktoba 1994. Mei 1995 Brendan Eich wa Netscape aliunda JavaScript ya kwanza kwa siku 10. Naam, lugha inayowatoa wanafunzi jasho miezi mitatu ilipikwa kwa siku kumi, na ladha yake bado inaonyesha.

Halafu kukaja misururu ya "misingi". Flash, ambayo watu walisomea wakapata vyeti, ilizikwa mwisho wa 2020. jQuery ya 2006 ilikuwa kila mahali. AngularJS ya 2010 haina tena msaada wa waliyoiunda. React ilifunguliwa kwa umma 2013 na bado inatamba. Sitabashiri siku yake.

Kuna kitu kingine tulichopoteza njiani. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na kwenye saiba ulilipia kila dakika. Mtu aliyetaka kujifunza alihifadhi ukurasa kwenye flopi, akaenda kuuchambua nyumbani: hii lebo inafanya nini, nikiitoa je? Chanzo cha ukurasa kilikuwa kitabu cha bure. Leo ukifungua chanzo cha tovuti nyingi unakuta msimbo uliobanwa kama gunia la mkaa, hausomeki. Mlango ambao wengi waliingilia umefungwa, na ndiyo maana mwalimu sasa ana mzigo mkubwa kuliko zamani.

Kwa hivyo mimi huita msingi kile kinachobaki JavaScript ikikataa kupakuka. Anwani, ombi na jibu, kiungo, fomu. Mtu ambaye bando lake linakaribia kuisha, akijaza fomu ya kawaida ya HTML, itatumwa. Fomu hizo zimo kwenye viwango tangu 1995. Lakini nimekutana na wahitimu wanaojenga fomu nzuri za React wasiojua kuwa brauza inaweza kuituma yenyewe.

Walio upande wa React nao wana hoja: kodi ya nyumba haingoji. Mwajiri akitaka React, fundisha React. Ninachoomba ni wiki mbili tu kabla yake. Siku ya kwanza, mwanafunzi aandike GET kwa mkono wake na aone seva ikijibu. Siku ya pili, afungue info.cern.ch, tovuti ya kwanza, ambayo CERN iliirudisha hewani 2013. Inafunguka hata kwenye simu ya bei rahisi, na chanzo chake kinasomeka chote.