Wanyama Walioingiza Lugha ya Sokoni Kitabuni

Mgiriki wa leo humwita farasi alogo. Kwa asili neno hilo halikuwa jina la farasi hata kidogo. Maana yake ilikuwa kiumbe asiye na akili wala usemi, na mnyama yeyote angeweza kuitwa hivyo. Ndege naye ni pouli, neno lenye asili ya Kilatini kwa maana ya kifaranga. Samaki ni psari, neno lililoanza kwa maana ya kitoweo, kile kitu cha kulia mkate. Majina ya kale, yale aliyoyaandika Aristotle, ni hippos, ornis na ichthys, na hayo yalibaki shuleni, kanisani na katika ofisi za mfalme. Kwa karne nyingi msomi wa Milki ya Bizanti aliandika majina ya kale huku akitumia yale mengine nyumbani kwake. Kisha, milki ikiwa imebaki kipande tu, vikatokea vitabu vilivyobeba maneno ya nyumbani hadi kwenye jina la kitabu chenyewe: Poulologos, yaani Kitabu cha Ndege, na Opsarologos, Kitabu cha Samaki. Hiyo haikuwa bahati. Kati ya walioifungulia lugha ya mtaani mlango wa fasihi ya Kigiriki, wanyama walikuwa na nguvu kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida, kwa kuwa habari za zizini, sokoni na jikoni hazisimuliki vizuri kwa lugha isiyozungumzwa huko.

Tumtazame kwanza mshairi wa upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 14, Manuel Philes alitunga shairi la mistari 2,000 hivi juu ya tabia za wanyama, akamtunuku mfalme. Philes alikuwa fundi wa mizani, na Kigiriki chake ni cha kale kilichopigwa msasa. Lakini wanyama wake wengi aliwachukua kwa Aelian, mwandishi aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1,000. Hao ni wanyama waliotoka kitabuni wakaingia kitabuni bila kukanyaga ardhi njiani. Mfalme aliposoma alijifunza kile ambacho wahenga walisema juu ya tembo, tai au pomboo, lakini hakusikia harufu ya banda hata moja la mji wake mwenyewe.

Weka kando yake shairi jingine la karne hiyohiyo, ambalo mtunzi wake hakuacha jina. Huitwa Hadithi ya Wanyama wa Miguu Minne, lina mistari zaidi ya 1,000, na lenyewe hutaja siku ya mkutano linaousimulia: tarehe 15 Septemba, mwaka unaolingana na 1364. Kila mstari una mizani 15, na kituo huja baada ya mizani ya nane. Msomaji aliyezoea mashairi yetu ya mizani 16, nane kwa kila kipande, atausikia mdundo huo mara moja. Kipande cha pili kimepungukiwa mizani moja tu, na vina havipo. Mfalme simba anaitisha baraza la amani kati ya wala nyama na wala majani, na mnyama mmoja baada ya mwingine anasimama kujisifu, hadi anayefuata amkatize kwa matusi. Cha kutazama ni namna wanavyojisifu. Kondoo hatafuti sifa ya upole anayopewa na vitabu vya dini. Anataja sufu yake, nyama yake, maziwa na jibini. Wengine wanataja ngozi, pembe, manyoya, na kazi inayofanywa na kila kimoja. Kwa maneno mengine, mnyama huyu anajijua kwa kile kitakachobaki akishachinjwa, na anakitaja kwa fahari mbele ya hadhara. Jambo hilo linatisha kidogo ukilifikiria. Lakini pia linatuambia sauti tunayoisikia ni ya nani: ni sauti ya mchuna ngozi, mshona viatu, mfuma nguo na mpishi, watu ambao Kigiriki cha kale hakikuwa na haja ya kuwasikiliza.

Katika Kitabu cha Ndege, tai anawaalika ndege wote kwenye harusi ya mwanawe, nao badala ya kula wanatukanana wawili wawili, kila mmoja akimwaibisha mwenzake kwa sura, kwa chakula na kwa asili yake. Kitabu cha Samaki kimebaki kipande kifupi tu. Kinachonivutia zaidi ni cha nne, Porikologos, Kitabu cha Matunda, ambacho ni nathari. Humo matunda yana ikulu yao, yenye vyeo vilevile vya ikulu ya Konstantinopoli. Zabibu anawasingizia wenzake kwamba wamekula njama, uongo unabainika, na hukumu inatolewa: atundikwe juu ya mti uliopinda, akatwe kwa visu, akanyagwe kwa miguu ya wanaume, na damu yake inywewe na watu mpaka wapotewe na akili. Hatua za kazi ya shamba la mizabibu, tangu mzabibu kufungwa kwenye nguzo hadi mlevi kuyumba njiani, zimegeuzwa maneno ya hakimu. Mtunzi alikijua kisu cha mvunaji na alizijua hati za serikali, vyote viwili.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia. Kama mtunzi aliijua ikulu vizuri kiasi hicho, basi alikuwa msomi, na hadithi hizi ni mafumbo ya siasa tu. Ushahidi wa kuunga mkono haukosekani. Mwaka 1343 vito vya taji viliwekwa rehani Venice kwa dukati 30,000, na mwaka 1347 mwanahistoria Gregoras aliona katika sherehe za kifalme vito vya kioo na vyombo vya udongo. Mwaka 1354 Waturuki wa Osmani walishika Gallipoli. Katika shairi la mwaka 1364 amani inavunjika, vita vinapigwa, na wala majani wanawashinda wala nyama. Mwisho linakumbusha neno la Zaburi kwamba mfalme haokolewi na wingi wa nguvu. Nani asingeona siasa hapo? Siasa ipo, sikatai. Lakini jaribu kusema simba ni mtawala fulani na mbwamwitu ni taifa fulani, na utakwama kabla ya kufika katikati, kwa sababu mamia ya mistari hayana kazi yoyote katika fumbo hilo. Fumbo halihitaji jibini. Na kama mtunzi alikuwa msomi, kama ninavyoamini, hoja inapata nguvu zaidi: mtu aliyekuwa na Kigiriki cha kale mkononi alikiweka chini kwa hiari yake.

Wengine watasema kwamba wanyama wanaosema waliingia Ugiriki kutoka Mashariki, kwa hiyo hakuna jipya. Ni kweli Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, kilitafsiriwa kwa Kigiriki na Symeon Seth katika karne ya 11. Kitabu hicho kilisafiri kweli. Kisa chake cha punda asiye na moyo wala masikio ndicho kile cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Lakini katika Kalila mnyama ni vazi la mshauri wa mfalme. Mvue vazi, umvike mtu, na mafundisho hayabadiliki. Katika shairi la 1364 huwezi kumbadilisha kondoo, kwa kuwa hakuna mtu anayetoa sufu.

Pingamizi zito zaidi ni la tembo. Shairi letu linashika ile imani ya zamani kwamba tembo hana viungo vya kukunja miguu, hivyo hulala ameegemea mti. Na hilo Aristotle alikwisha kulikana. Je, hapo macho ya sokoni yako wapi? Nadhani kosa lenyewe linajibu. Mtunzi hakumwona tembo. Aliyoyaona ni meno yake, bidhaa iliyofika mezani na kanisani. Al-Masudi, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 10, aliandika kwamba meno ya tembo wa Zanji yalipelekwa Oman, na kutoka huko Uhindi na China. Kwa mnunuzi wa mbali tembo alikuwa pembe bila mwili, na mwili ukaazimwa vitabuni. Kwa mnyama wa zizini hakuazima kitu. Wala sidai kwamba wasomi hawakuwa na macho. Georgios Pachymeres alimweleza kwa makini twiga aliyeletwa kutoka Misri kwa mfalme Michael VIII na kupitishwa sokoni watu wamwone. Ila huyo alikuwa mgeni wa ajabu. Mbuzi wa kila siku hakupata wino huo.

Lazima pia nikubali kwamba wanyama hawakuwa wa kwanza. Kigiriki cha mtaani kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika karne ya 12, katika mashairi ya Ptochoprodromos yanayolalamikia njaa. Hata hivyo tazama lilikoanzia hilo: jikoni, kwenye chungu kitupu. Wanyama waliupanua mlango uleule.

Na punda ndiye aliyepita mbali kuliko wote. Katika shairi lake anakutana na mbweha na mbwamwitu, wanapanda chombo pamoja, na baharini wanaambiana dhambi zao. Wala nyama wawili wanasameheana mauaji. Punda anakiri kwamba alikula jani la mboga, na kwa hilo anahukumiwa kuliwa. Anawaambia kwato lake la nyuma lina karama, mbwamwitu anapiga magoti kuipokea, na teke linamtupa baharini. Toleo la shairi hilo lenye vina lilichapishwa Venice mwaka 1539, likaendelea kuchapwa na kusomwa na watu wa kawaida, wakati Philes alibaki kwa wataalamu. Hadi leo duka la samaki Ugiriki huandikwa ichthyopoleio juu ya mlango, kwa jina la kale, na mteja akiingia huomba psari.