Nani Aliwafundisha Woga

Nikisikia msimamizi wa mchezo akilalamika kwamba wachezaji wake ni waoga, hawafungui mlango bila kikao cha nusu saa, huwa nataka kumuuliza: nani aliwafundisha? Mimi nasimamia meza ya mchezo wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu, uitwao Dungeons & Dragons hapa Westmead, magharibi mwa Sydney, mtaa wa mahospitali, na wengi wanaokuja ni wauguzi waliotoka zamu. Kutwa wanahakiki dozi mara mbili mbili. Ukiwaonyesha ukumbi wenye giza, wanauliza kamba amebeba nani.

Lakini woga huu ni mkongwe kuliko wao. Vijitabu vitatu vya kwanza vya mchezo, vya Gary Gygax na Dave Arneson, vilitoka Marekani mwaka 1974, na katika orodha ya vifaa mlikuwa na fimbo ya futi 10: unagonga nayo sakafu mbele yako usije ukatumbukia. Mhusika mpya aliweza kufa kwa pigo moja. Mwaka 1975 Gygax akapeleka kaburi lake la mitego, Tomb of Horrors, kwenye mashindano ya Origins. Humo mna uso wa shetani wa kijani uliochongwa ukutani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Anayejipenyeza humo ameshakwisha. Hata dadu haimwokoi. Mtu akishapoteza mhusika wake hivyo, safari ijayo atapapasa kila jiwe, na ana haki.

Gygax naye alijua kwamba kupapasa kunaua mchezo. Tangu 1974 kila dakika kumi za humo shimoni msimamizi alirusha dadu, na ikitoka sita, zimwi linatokea. Dhahabu iliyotolewa nje ilihesabiwa kuwa uzoefu, kwa hiyo tamaa iliwavuta chini. Hiyo naikubali. Lakini katika kitabu cha viumbe cha 1977 yumo mdudu anayeishi kwenye mbao za milango. Humwingia sikioni anayetega sikio mlangoni na kumtagia mayai humo. Nacheka kila nikimsoma, ila ni dawa ya ovyo: umemwadhibu mwoga, kazidi kuogopa.

Wazee wetu wa bao walilimaliza tatizo hili kwa sheria. Kwenye bao la Kiswahili, penye pa kula lazima ule. Unatakata, yaani unasambaza kete bila kula, pale tu unapokosa cha kula. Una kete 22 mkononi, nyumba, shimo lako kuu, imenona, ungependa uilinde kimya kimya, na sheria inakutoa nje. Hakuna anayeitwa jasiri wala mwoga, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kukaa tu.

Wamarekani walichelewa kidogo. Mchezo wa James Bond wa 1983 uliwapa wachezaji alama za ushujaa za kurekebisha matokeo mabaya ya dadu. Aliyenikuna zaidi ni John Harper na Blades in the Dark, 2017. Wezi wake hawakai kikao: wanachagua namna ya kuvamia, wanarusha dadu, wameshaingia. Wakikwama, mchezaji analipa kwa msongo wa mawazo na kusimulia maandalizi aliyoyafanya jana yake. Hata mzigo mgongoni unautaja unapouhitaji.

Kanuni hiyo nimeihamishia kwenye meza yetu. Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji, bingwa wa kuuliza habari za kamba, siku hizi anavunja mlango kwanza, halafu ananiambia alishamhonga mlinzi tangu jana. Tunachobishania ni bei.