Bendera Nyeupe Bandarini Dar es Salaam

Kila siku maelfu ya watu huyavuka maji ya bandari ya Dar es Salaam, wengine kwa pantoni ya Magogoni, wengine juu ya Daraja la Nyerere, lililozinduliwa mwaka 2016. Novemba 28 ni tarehe ambayo mwaka 1914 watu waliuana kwa risasi katika hori hii nyembamba. Wavukao wachache mno wanalijua hilo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika mapema hapa, katika mji uliotawaliwa na Wajerumani wakati huo. Agosti 8, 1914 manowari ya Waingereza, Astraea, iliupiga kwa mizinga mnara wa mawasiliano. Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao Möwe, kisha wakakizamisha chelezo chao kinachoelea katika mlango wa bandari. Manowari yao Königsberg ikakosa pa kurudi. Ikaizamisha Pegasus huko Zanzibar mwezi Septemba, ikajificha Rufiji, na humo ikaangamia Julai 1915.

Ndani ya hori zilibaki meli za abiria na mizigo: König, Feldmarschall, Kaiser Wilhelm II, na Tabora iliyogeuzwa hospitali. Gavana Heinrich Schnee alitaka mji usiguswe, akakubali masharti na Waingereza. Kamanda wa jeshi la Wajerumani, jenerali wa baadaye Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kusikia habari ya masharti. Katika kumbukumbu zake hafichi kwamba alipinga adui kuruhusiwa kuingia.

Jumamosi hiyo ya Novemba 28, manowari za Waingereza Goliath na Fox zilitia nanga nje. Bendera nyeupe zilipepea mjini, na mashua za Waingereza zikaingia kukagua meli. Ila hawakukagua tu: walivunja mitambo na kuwakamata mabaharia. Kaiser Wilhelm II ilikuwa haina mtu, jambo lililomtia shaka Kamanda Henry Peel Ritchie. Akafunga matishari ya chuma ubavuni mwa mashua yake, huku na huku, yawe ngao.

Walipogeuka kutoka, risasi zikamiminika kutoka kingo zote mbili. Ritchie alishika usukani huku akipigwa pajini mwa uso, mikononi na nyongani, hadi mguu wa kulia ulipotobolewa naye akazimia. Majeraha yalikuwa manane. Akatunukiwa Msalaba wa Victoria, wa kwanza kwa jeshi la majini katika vita hivyo. Daktari wa Goliath aliachwa nyuma, akawa mateka.

Waingereza walilia kwamba bendera nyeupe imesalitiwa. Wajerumani walijibu kwamba mkaguzi anayebomoa ndiye aliyevunja ahadi. Kwa maoni yangu, Wajerumani wana hoja nzito zaidi, ingawa kupiga risasi chini ya bendera nyeupe kulilitia doa jeshi lao. Aliyelipa zaidi ni mji: mizinga ya manowari iliipiga hata Ikulu ya gavana, ambayo Waingereza waliijenga upya mwaka 1922.

Septemba 4, 1916 mji ulitekwa. Baadaye bandari ikapanuliwa, makontena yakaja, na habari za Novemba zikabaki katika vitabu vya wageni, ambamo Ritchie ana jina na medali, ilhali askari Waafrika, waliokuwa wengi katika jeshi la Lettow, hawana hata majina.

Makumbusho ya Taifa na Mamlaka ya Bandari, wekeni bango pale Feri, kwa Kiswahili, abiria asome akingoja pantoni.