Kitambuametali: Jina la Mashine Isiyotaka Chuma

Kijana mmoja alinikuta Madizini, hapa Turiani, nikinywa chai. Akaamkia mbiombio kama mtu anayewahi basi la Morogoro. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisomee hili tangazo kabla sijatuma hela." Lilikuwa tangazo la mashine ya kutafutia sarafu za kale, na muuzaji ameisifu hivi: kigunduzi cha chuma na madini, kinafika mita kumi. Nikamvutia kiti. Katika maneno yale machache mlikuwa na makosa manne, na kila moja lingemtoka mfukoni mwake.

Kosa la kwanza ni chuma. Mtaani chuma ni jina la chochote kigumu kinacholia kikigongwa, na hakuna anayekosana na mwenzake kwa hilo. Lakini sarafu za zamani za nchi hii hazikuwa za chuma. Rupia iliyoanza kutolewa 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya fedha. Pesa, ambazo 64 zilifanya rupia moja, zilikuwa za shaba nyekundu, upande mmoja zikiwa na maandishi ya Kiarabu. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa heller 100, na ndipo Waswahili walipopata hela, neno ambalo kijana wangu alikuwa nalo mdomoni bila kujua ni la Mjerumani. Heller 10 yenye tundu ilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Vita vilipoifungia koloni njia ya bahari, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu zake yenyewe mwaka 1916: heller 20 za shaba nyekundu na za shaba njano, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Katika orodha yote hiyo hakuna chuma. (Shilingi mia ya leo ndiyo yenye moyo wa chuma. Isogezee sumaku uone.)

Kwa hiyo anayetafuta rupia anahitaji mashine inayokijua chuma ili ikipuuze. Ukimuuzia "kigunduzi cha chuma" umemuahidi misumari, vipande vya majembe na vizibo vya soda.

Madini nayo yanapotosha kwa namna nyingine. Rubi za Matombo, kule Uluguru, ni madini, lakini mashine hii inaweza kupita juu yake kutwa nzima isitoe hata mlio. Sababu iko katika ufanyaji kazi wake. Ndani ya sahani ya chini mna waya uliozungushwa. Umeme unaobadilikabadilika ndani ya waya huo hutoa uga wa sumaku unaobadilika pia, na uga huo ukikuta kitu kinachopitisha umeme huamsha humo mikondo midogo. Mikondo hiyo hutoa uga wake, na waya wa pili huusikia. Jiwe la thamani halipitishi umeme, basi halijibu. Neno linalobaki ni metali, ambalo wanafunzi wetu wa kemia wamelizoea: linabeba fedha, shaba, dhahabu, nikeli na hata hicho chuma, lakini linaacha mawe nje.

Hapo hapo mita kumi zinaanguka. Sarafu moja, kwa mashine nzuri katika udongo mzuri, husikika sentimita 20, pengine 30. Anayeahidi mita kwa sarafu moja anauza ndoto.

Sasa kitenzi. Wengi wanapenda neno kigunduzi, nami nimeshindana nalo muda mrefu. Kugundua ni kukuta kisichojulikana kipo. Kutambua ni kukijua kitu unapokutana nacho, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipitisha chombo chake juu ya mwili wa Rais Garfield wa Marekani kutafuta risasi aliyopigwa, na chuma cha kitanda kikakivuruga. Chombo kilisikia metali, hakikuweza kuitambua. Mashine za leo tunazilipia zaidi kwa sababu ya huko kutambua. Kugundua kunabaki kwa mwenye jembe.

Umbo tunalo tayari: kipimajoto, kipaza sauti, kinasa sauti. Kwa mkondo huo nasema kitambuametali. Wachimbaji wa dhahabu wanasema ditekta na wataendelea kusema hivyo, sina ugomvi nao. Tatizo langu na ditekta ni kwamba halimwambii mnunuzi chochote.

Tofauti ya vitenzi inaonekana vizuri mjini Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kutafuta mabomu ya ardhini. Panya hunusa baruti, hashughuliki na msumari. Mtegua mabomu mwenye mashine husimama kwa kila kipande cha metali, ndiyo maana panya anamaliza eneo upesi zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hulitia chumvi: uwezo wa mashine kutenga metali moja na nyingine. Ukisema ubaguzi, unaleta siasa. Mimi nachukua neno la kwenye ungo, upembuzi. Anayelima mpunga Mkindo hahitaji maelezo zaidi. Na kama ilivyo kwa ungo, ukirusha kwa nguvu unapoteza na mchele: ukiweka upembuzi mkali mno, heller 10 ya shaba na nikeli itakwenda pamoja na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, kwa kuwa majibu yao yanakaribiana. Rupia ya fedha hulia juu na wazi. Hela yenye tundu inataka sikio.

La tatu ni kuirekebisha mashine ili isipigie kelele udongo wenyewe. Wengine wameandika kusawazisha ardhi, nikacheka, maana hapa kwetu hiyo ni kazi ya kuandaa kiwanja. Tuseme kuzoeza udongo. Miteremko yenye udongo mwekundu imejaa oksaidi za chuma, na mashine isiyozoezwa italia kila hatua. Kwa hiyo nilimwambia kijana: nunua yenye kuzoeza udongo, yenye kuonyesha namba, na sahani ndogo kama utatafuta palipojaa takataka. Mashine za mapigo, wanazozipenda wa dhahabu, huzama zaidi lakini upembuzi wake ni hafifu.

Nikamwongezea na mengine. Agosti 1916 majeshi yalipigana Matamondo, kisha Wami kule Dakawa, kabla ya Morogoro kutekwa tarehe 26. Maganda ya risasi ni shaba njano, yatalia kama sarafu. Kitu kizito chenye umbo la bomu usikiguse, ita polisi. Na ardhi ina wenyewe, iwe mashamba ya miwa ya Mtibwa au uwanja wa misheni ya Mhonda ya tangu 1877. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale, na kuyachimbua kunahitaji kibali. Rupia ya 1890 iko upande wa huku wa mstari huo, sarafu ya masultani wa Kilwa iko upande wa kule.

Hakutuma hela. Aliniuliza aandike neno gani simuni anapotafuta muuzaji mwingine, nikamwambia kwa sasa aandike ditekta, maana ndivyo wanavyojitangaza. Wewe muuzaji unayesoma haya, andika kitambuametali. Hilo chuma lifute, na hizo mita kumi pia.