Jinsi ya kutambua usafi wa shaba katika nyaya za umeme

NYAYA za umeme zikishaingizwa katika mabomba na kuta kupigwa plasta, mwenye nyumba hana tena nafasi ya kujua alichouziwa. Ndiyo maana shaba inafaa kupimwa ikiwa ingali dukani, au angalau kabla fundi hajaanza kuivuta.

Rangi haitoshi kuwa ushahidi. Waya wa aluminiamu uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba hung'aa sawasawa na wa shaba tupu. Shaba iliyoyeyushwa kutoka kwa vyuma kuukuu, ikachanganyika na risasi, bati au chuma, nayo hubakia nyekundu na humpendeza mnunuzi kama nyingine yoyote.

Isitoshe, usafi unaotakiwa na umeme ni wa namna yake. Shaba ya nyaya hutakiwa kuwa safi kwa asilimia 99.9 au zaidi, lakini kinachojalisha pia ni uchafu uliomo katika sehemu ndogo iliyosalia. Chembe za fedha hazidhuru. Fosforasi, kwa upande mwingine, ikifika asilimia 0.04 pekee hupunguza uwezo wa shaba kupitisha umeme kwa karibu sehemu moja kwa tano. Shaba ya aina hiyo hutumiwa kutengenezea mabomba ya maji, na huko haina kasoro yoyote. Taabu huanza mabomba hayo yanapoyeyushwa na kugeuzwa nyaya bila kusafishwa upya.

Suala hili si geni. Mnamo 1857, wakati kebo ya kwanza ya kuvuka Bahari ya Atlantiki ilipokuwa ikiundwa, mwanasayansi William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aligundua kuwa nyaya za shaba zilizouzwa kama bidhaa moja zilitofautiana mno katika kupitisha umeme. Mwaka wa 1913, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliweka kipimo ambacho kingali kinatumika. Waya wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1 ya mraba, katika nyuzijoto 20, uwe na ukinzani wa omu 0.01724. Upitishaji huo uliitwa asilimia 100. Siku hizi shaba bora hufikia asilimia 101, maana usafishaji umeimarika kuliko ilivyodhaniwa wakati huo.

Usafishaji huo hufanywa kwa umeme wenyewe, na ndio huipa shaba usafi wa asilimia 99.99. Shaba ya namna hiyo hutolewa pia Katanga nchini Kongo, jimbo ambalo kati ya 1971 na 1997 lilibeba jina la Kiswahili la madini yake, Shaba.

Kwa mnunuzi wa kawaida, majaribio ya kwanza ni mepesi. Ukikwangua waya kwa kisu na weupe ukajitokeza, ndani mna aluminiamu au chuma. Sumaku ikinasa, ni chuma. Uzani nao hauna siri: mita moja ya waya wa milimita 2.5 za mraba, ikiambuliwa plastiki, huwa na gramu 21 hadi 22 ikiwa ni shaba. Ule wa aluminiamu iliyovikwa shaba hauzidi sana gramu 8. Kwa waya wa milimita 1.5, shaba huwa na takriban gramu 13.

Hata hivyo, mizani peke yake haiwezi kufichua shaba chafu, kwa kuwa uzito wake unakaribiana mno na wa ile safi. Hapo ndipo ukinzani unapohitajika. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mita 100 za waya wa milimita 2.5 zisizidi omu 0.741, na za milimita 1.5 zisizidi omu 1.21, katika nyuzijoto 20. Waya upimwe ukiwa haujaunganishwa popote. Mita za kawaida za mafundi hujumlisha ukinzani wa nyaya zake zenyewe, hivyo ncha zake mbili zigusanishwe kwanza na kiasi kitakachoonekana kiondolewe. Mita yenye ncha nne ndiyo ya kutegemewa zaidi. Joto nalo huongeza ukinzani wa shaba kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Katika joto la nyuzi 30 mjini Mombasa, zile omu 0.741 huwa 0.77, na mwenye duka hana kosa.

Vipimo hivi viwili vikiunganishwa hueleza mengi. Ukinzani wa mita moja ukizidishwa kwa gramu za mita hiyo, shaba nzuri hutoa takriban 0.153, iwe waya ni mnene au mwembamba. Jibu likipanda hadi 0.18 au 0.19, shaba ina uchafu. Likishuka hadi karibu 0.09, ndani mna aluminiamu. Tuseme waya ulioandikwa 2.5 una gramu 18 kwa mita na omu 0.85 kwa mita 100. Omu 0.0085 mara 18 ni 0.153. Shaba hiyo ni safi kabisa, ila mnunuzi ameuziwa unene wa milimita 2 tu. Udanganyifu huu hauonekani kwa kisu wala sumaku.

Hasara yake ni joto. Hita ya wati 3,000 katika volti 240 huvuta ampia 12.5. Ikiwa iko mita 20 kutoka kwa kisanduku cha fyuzi, waya mzuri wa 2.5 hupoteza takriban wati 46 njiani. Wa aluminiamu iliyovikwa shaba hupoteza zaidi ya wati 70, nao hulegea kwenye skrubu za soketi, mahali ambapo moto huanzia mara nyingi.

Maabara zina mitambo ya kutaja kila kitu kilichomo ndani ya shaba. Hata hivyo, vile vifaa vya mkononi vya eksirei huona ngozi ya juu tu, na waya uliovikwa shaba unaweza kuvipumbaza. Sampuli inayopelekwa huko yafaa ikatwe, na upande uliokatwa ndio upimwe.