Kusafiri na mtoto mdogo kutoka Buger kwenda Zanzibar: afya na adabu za ugenini

Familia nyingi za Karatu zina ndugu Zanzibar. Wengine wanafanya kazi kwenye hoteli, wengine ni watumishi wa serikali, wengine wanafanya biashara. Siku moja simu inaita: kuna harusi, kuna mtoto amezaliwa, au baba watoto anataka familia imtembelee. Makala hii ni kwa mama au mlezi wa Buger anayejiandaa kwa safari hiyo akiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, au akiwa mjamzito.

Kwa nini mtoto wa huku ahitaji maandalizi?

Sisi tunaishi juu. Mji wa Karatu uko takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua. Mbu wa malaria hawapendi baridi, kwa hiyo malaria huku ni kidogo. Hiyo ni heri, lakini ina upande wa pili: mtoto ambaye hajakutana na malaria hana kinga ya mwili dhidi yake. Akiumwa na mbu mwenye vimelea, anaweza kuzidiwa haraka.

Zanzibar yenyewe imepunguza malaria sana. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria walikuwa chini ya 1 kwa kila 100 Zanzibar, na takribani 8 kwa kila 100 Tanzania Bara. Chini ya moja si sifuri. Tena, safari ya basi inapita Mto wa Mbu, Korogwe na Chalinze, na wengi hulala Dar es Salaam usiku mmoja au zaidi kabla ya kupanda boti. Mbu hauulizi kama wewe ni mpita njia.

Kabla ya kuondoka

Pita zahanati au kituo cha afya wiki mbili kabla ya safari. Mwambie mhudumu unakwenda wapi na kwa muda gani, na muulize kama mtoto anahitaji dawa ya kuzuia malaria. Ukiwa mjamzito, uliza pia kuhusu dozi yako ya SP na kama hali yako inaruhusu safari ndefu. Hakikisha chanjo za mtoto zimekamilika kwa umri wake, hasa ya surua na rubella inayotolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Weka haya kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye begi litakalofungwa kwenye buti la basi:

- kadi ya kliniki ya mtoto, na kadi ya mama kwa mjamzito;
- kitambulisho chako, maana kinahitajika bandarini; Mtanzania hahitaji viza kwenda Zanzibar;
- chandarua chenye dawa;
- pakiti za ORS na vidonge vya zinki;
- dawa ya homa ya mtoto, pamoja na kipimo alichokuelekeza mhudumu;
- nguo nyepesi za mikono mirefu, kofia pana, na kanga mbili au tatu.

Ndani ya basi na boti

Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama peke yake, hata kwenye joto kali la pwani. Usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha.

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua karibu saa mbili. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na watu wengi hutapika. Mpe mtoto chakula chepesi kabla ya kupanda, kaeni katikati ya chombo, na muwe na mfuko wa kutapikia. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 2 dawa ya kuzuia kichefuchefu ya dukani bila kumuuliza mhudumu wa afya. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuzuia upumuaji wake.

Nunua tiketi kwenye ofisi ya chombo kinachotambulika. Mnamo 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mnamo 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama kati ya Dar es Salaam na Unguja. Mamia ya watu walipoteza maisha. Chombo kikionekana kimejaa, subiri kinachofuata. Ukishakaa, uliza maboya ya kujiokolea ya watoto yako wapi. Kuuliza si woga.

Joto na jua

Kosa linaloonekana sana kwa wageni kutoka milimani ni kumfunika mtoto kama bado yuko nyumbani: sweta, kofia ya sufu, blanketi. Unguja mtoto huyo atatoka vipele vya joto na kupoteza maji mwilini. Vazi moja jepesi linatosha. Kaeni kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mtoto mwenye ualbino afunikwe mikono, miguu na kichwa wakati wote anapokuwa nje.

Dalili za kupungukiwa maji ni mdomo kukauka, macho kuingia ndani, kukojoa kidogo, na kulegea. Akiharisha, anza ORS mara moja kwa kufuata maelekezo ya pakiti, endelea kumnyonyesha, na mpe zinki: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akiwa amezidi hapo, kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha.

Chakula na maji

Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa. Juisi yenye barafu usiyoijua asili yake ni ya kumnyima mtoto. Urojo na mishkaki ya jioni vinaliwa vikiwa vya moto. Mtoto mdogo apikiwe chakula chake.

Jambo moja watu wa bara hatulijui: nyama ya kasa inaweza kuua. Mwezi Machi 2024, kisiwani Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuitengua, na inaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama aliyekula. Wala nyama haionyeshi dalili yoyote kwa rangi au harufu. Kasa pia analindwa na sheria. Samaki aitwaye bunju, anayejivimbisha kama mpira, naye ana sumu kali. Ukiletewa sahani usiyoijua, uliza kwa upole: "Samahani dada, hiki ni kitoweo gani?" Mwenyeji hatakasirika.

Bahari haifanani na bwawa

Watoto wengi wa huku hawajawahi kuiona bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana juu ya mchanga, halafu yakarudi yakakuta bado uko huko. Waulize wenyeji saa za maji kujaa kabla ya kwenda.

Mtoto aliye majini awe umbali wa mkono wako. Mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, hata kwenye maji ya magotini. Mvalishe viatu, kwa sababu kwenye mwamba kuna viumbe wenye miiba. Na asinywe maji ya bahari.

Adabu za wenyeji, na afya ya mtoto

Wazanzibari karibu wote ni Waislamu, na ni watu wakarimu. Mgeni mwenye adabu husaidiwa haraka mtoto anapougua.

- Piga hodi na usubiri "karibu". Vua viatu mlangoni. Wakubwa waamkie "shikamoo". Ukisalimiwa "asalaam alaykum", jibu "waalaykum salaam" hata kama wewe ni Mkristo.
- Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, ukiwa mjini na vijijini. Kujitanda kanga kutakufaa pia kwa jua.
- Kunyonyesha ni jambo la kawaida kabisa. Jisitiri kwa kanga au mtandio, au omba chumba. Mama mwenye nyumba atakupa.
- Kula na kupokea kitu ni kwa mkono wa kulia. Maji ya kunawa hupitishwa kabla ya chakula, nawa na umnawishe mtoto kwa sabuni.
- Usibebe nyama ya nguruwe wala pombe kwenda nayo nyumbani kwa watu.
- Usipige picha za watu, hasa wanawake, bila ruhusa.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani ni kuwakosea watu heshima. Unaweza hata kukamatwa. Watoto wadogo na wagonjwa hawafungi, na mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kutofunga. Mlisheni mtoto ndani, na mbebe uji na maji tayari kwa siku ya safari, kwa sababu huenda usipate pa kununua. Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, basi mwulize mwenyeji wako kabla ya kukata tiketi.

Mtoto akiugua huko

Mjini Unguja kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kaskazini kuna Kivunge, kusini Makunduchi. Pemba kuna Abdulla Mzee iliyoko Mkoani, na hospitali ya Chake Chake. Usisubiri kurudi nyumbani.

Mkimbize hospitali saa hiyohiyo ukiona: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kulegea au kutoamka. Degedege si jambo la kutafutiwa mganga. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.

Mkisharudi Buger

Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria haionekani siku uliyoumwa na mbu. Huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili, na wakati mwingine hata miezi. Mtoto anaweza kurudi akiwa mzima, kisha homa ikamjia akiwa nyumbani, kwenye baridi, na watu wakasema ni mafua ya kubadilisha hewa. Hata mhudumu anaweza asiifikirie malaria, kwa kuwa ni adimu huku.

Kwa miezi mitatu baada ya safari, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Ukifika zahanati, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Tulisafiri. Tulipita Dar es Salaam na kukaa Zanzibar, tumerudi tarehe fulani. Naomba mtoto apimwe malaria." Kipimo ni tone la damu la kidole, na jibu hupatikana ndani ya dakika chache. Akikutwa nayo, mpe dawa ya mseto hadi dozi iishe, hata akiwa amechangamka siku ya pili.