Umeumia Wapi? Lugha ya Huduma ya Kwanza katika Historia ya Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Historia ya tiba katika Kenya imezoea kuandikwa kuwa historia ya majengo na ya wakuu wake: hospitali ilifunguliwa lini, chanjo ilianza mwaka gani, nani aliiongoza idara. Lakini kabla ya majeruhi kufikishwa hospitalini kuna muda mfupi usio na jengo wala daktari. Katika muda huo huwapo watu wawili tu, aliyeumia na yule aliyetokea kuwa karibu naye, na walicho nacho ni mikono na maneno. Mikono imekwisha kuandikiwa vitabu vingi vya mafunzo. Maneno hayajapewa nafasi yanayostahili.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo kwa kutazama Nakuru na Bonde la Ufa la kati, mahali ambapo reli, mashamba na barabara kuu vimewakutanisha watu wa lugha nyingi kwa zaidi ya karne moja. Hoja yenyewe ni hii: Kiswahili kilikuwa na msamiati wa kumhudumia aliyeumia kabla huduma hiyo haijaletwa kwa jina la kigeni, katika enzi ya walowezi msamiati huo ulifinywa ukawa lugha ya amri, na kazi ya kuirudishia lugha hiyo upana wake bado haijakamilika.

Kuganga kabla ya huduma ya kwanza

Yafaa kuanza na kitenzi ganga. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakipa maana mbili zinazokwenda pamoja: kufunga au kuunga kitu kilichovunjika, na kumtibu mgonjwa. Jahazi lililopasuka hugangwa, na mguu uliovunjika hugangwa. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno gango, yaani kifaa cha kushikamanisha vitu viwili, na neno mganga. Kwa msingi wa neno lake, basi, mganga ni mtu wa kuunga kilichokatika, kabla hajawa mtu wa hirizi au wa ramli. Methali isemayo kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, imeihifadhi maana hiyo hadi leo.

Ganga halikuwa peke yake. Kiswahili kilikuwa na kitata, yaani vijiti vinavyofungwa kuzunguka kiungo kilichovunjika ili mfupa usitikisike. Kilikuwa na kukanda na kuchua kwa aliyeteguka, kuumika kwa kutumia chuku, kupepea kwa aliyezimia, na machela ya kumbeba asiyeweza kutembea. Nako bara, Wakalenjin na Wamaasai walikuwa na mafundi wao wa kuunga mifupa na kufunga majeraha, na kila lugha ilikuwa na maneno yake ya kazi hiyo. Ingekuwa kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba wenyeji wa bonde hili walingoja kufundishwa kwamba jeraha hufungwa na mfupa huwekewa kitu cha kuukaza.

Jina jipya na asili yake

Huduma ya kwanza kama mpango wa mafunzo kwa raia wa kawaida ina tarehe inayojulikana. Chama cha St John Ambulance kiliundwa Uingereza mwaka 1877, na mwaka uliofuata daktari wa jeshi Peter Shepherd alitoa mafunzo kwa raia huko Woolwich na kuandika mwongozo wake. Shepherd mwenyewe hakuyaona matunda ya kazi hiyo. Aliuawa katika ardhi ya Afrika, kwenye vita vya Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, wakati Wazulu walipolishinda jeshi la Waingereza. Nchini Kenya kazi ya St John inahesabiwa tangu mwaka 1928. Msalaba Mwekundu, uliokuwa tawi la chama cha Uingereza, ukawa chama cha kitaifa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965.

Jina la Kiswahili lilifuata jina la Kiingereza hatua kwa hatua: huduma ya kwanza, na mahali pengine msaada wa kwanza. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo inafaa kuona kilichobadilika. Ganga ni kitenzi, nacho hutaja kitendo cha mkono. Huduma ni nomino, nayo hutaja kazi ya utumishi, kitu kinachotolewa na chama au na idara. Neno la kwanza lamtazama jirani, la pili lamtazama ofisa. Wakati huohuo mganga alianza kuvuliwa heshima yake. Katika Tanzania cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya kimedumu katika utumishi wa serikali, lakini katika Kenya daktari ndiye aliyekaa hospitalini, na mganga katika mazungumzo ya kila siku akabaki kuwa mtu wa kienyeji anayeogopwa au kuchekwa. Mtu wa kuunga kilichovunjika akawa hana jina.

Lugha ya shamba

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mji ukatangazwa rasmi. Muda si muda Nakuru ikawa kitovu cha walowezi wa nyanda za juu. Njoro, Molo, Rongai, Subukia na Solai zikawa nchi ya mashamba makubwa, na mashamba hayo yakavuta vibarua kutoka pande zote za Kenya. Kazi ya shamba ina ajali zake: shoka huteleza, mashine hukamata mkono, maji ya moto humwagika, fahali hupiga pembe. Hospitali ilikuwa mbali, na mara nyingi tiba ya kwanza ilitolewa kwenye baraza ya nyumba ya mwenye shamba. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931, ameisimulia desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1937: wagonjwa walimjia asubuhi, naye akawatibu kwa ujuzi mdogo aliokuwa nao.

Lugha ya baraza hizo aghalabu ilikuwa Kisetla. Anthony Vitale, katika uchambuzi wake wa mwaka 1980, alikieleza kuwa pijini ya Kiswahili. Upatanisho wa ngeli ulipungua, viambishi vya kitenzi vikapukutika, na kilichobaki kikawa hasa umbo la kuamuru: leta maji, kaa hapa, kunywa dawa. Mtu aweza kusema kwamba katika dharura amri fupi ndiyo inayotakiwa, na hilo ni kweli kwa kiasi. Lakini huduma ya kwanza haianzi kwa amri. Huanza kwa swali: umeumia wapi? Tangu lini? Vidole unavihisi? Lugha iliyoundwa ili mmoja aamuru na mwingine atii ina nafasi ndogo ya maswali, na nafasi ndogo zaidi ya majibu. Mgonjwa aliyeijua tofauti ya kuwasha, kuchoma, kukata na kufa ganzi alilazimika kuonyesha kwa kidole tu. Daraja lilipatikana kwa dresa, mfanyakazi Mwafrika wa zahanati aliyefunga vidonda na kufasiri maneno ya pande zote mbili. Kazi yake ya lugha haikuandikwa katika taarifa, ingawa bila yake tiba isingewezekana.

Wala haifai kudhani kwamba ujuzi wa mwongozo ulikuwa sahihi wakati wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu aliyeumwa na nyoka alichanjwa mahali pa jino na kusuguliwa pamanganeti. Leo njia hiyo imekataliwa. Aliyeungua alipakwa asidi ya tanini katika miaka ya 1920 na 1930, nayo ikaachwa baadaye. Suala la nyoka si dogo katika bonde hili, kwani Baringo ni nchi ya moma, na ndiko Jonathan Leakey alikofuga nyoka na kukusanya sumu yao ya kutengenezea dawa. Mafundisho ya sasa ni mepesi kusema kwa Kiswahili: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, mtulize, kiungo kisitikisike, mpeleke hospitalini mapema. Kwa kiungo kisichotikisika, kitata cha wazee kimerudi kwa mlango mwingine.

Barabara na mwaka 2008

Mwishoni mwa Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mapigano yalizuka mjini Nakuru. Maelfu ya watu waliohamishwa makwao walikusanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na katika uwanja wa Afraha, na Msalaba Mwekundu ukawahudumia. Katika siku hizo jina la mtu na lugha ya mama yake viliweza kumponza. Kiswahili peke yake hakikuwa cha upande wowote. Swali la umeumia wapi, likiulizwa kwa Kiswahili, halikumtaka aliyelala chini ataje kwao ni wapi. Hapa lugha ile iliyokuwa imefinywa shambani ikawa yenye kuuliza, na kwa kuuliza ikamrudishia majeruhi utu wake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Walioungua walifikishwa Nakuru, na wengine wakapelekwa hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Barabara hiyo haikukoma kuua: Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 walifariki tarehe 31 Desemba 2017, na kwenye njia panda ya Londiani, magharibi ya hapo, zaidi ya 50 walifariki Juni 2023. Katika ajali za namna hii wa kwanza kufika si gari la wagonjwa bali ni wachuuzi, waendeshaji wa bodaboda na abiria wa matatu inayofuata. Wanachokifanya hutokana na kile walichowahi kuambiwa kwa lugha wanayoielewa. Anayemvuta majeruhi kwa mikono na kumtupa nyuma ya pikapu hana ubaya moyoni, ila hajaambiwa kwamba uti wa mgongo uliovunjika hukatika kwa huruma ya haraka.

Maneno yanayodhuru na yanayookoa

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika ugonjwa wa kifafa. Jina lenyewe limekaa karibu na kitenzi kufa, na wasikilizaji hulisikia hivyo. Hofu ya jina hilo imechanganyika na imani kwamba povu la mgonjwa huambukiza, hata wapo wanaomkimbia aliyeanguka kando ya jiko la moto. Wengine humsogelea wakiwa na kijiko cha kumtia mdomoni, jambo ambalo huvunja meno na kuziba pumzi. Mafundisho yanayotakiwa ni sentensi nne tu: ondoa mawe na moto, usitie kitu mdomoni, usimkandamize, mtetemeko ukiisha mlaze ubavu.

Hali kadhalika aliyeungua. Nyumbani hupakwa dawa ya meno, unga au mafuta ya kupikia, ilhali kinachotakiwa ni maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hutapishwa, ilhali kutapika huyapeleka mafuta mapafuni. Katika usiku wa baridi wa Molo jiko la makaa huingizwa chumbani na mlango kufungwa, na aliyezimia kwa moshi usioonekana hupepewa mle mle ndani badala ya kutolewa nje. Katika kila mfano Kiswahili kina vitenzi vyote vinavyohitajika. Kinachokosekana ni kuvipanga na kuvifikisha.

Sababu mojawapo ni ya shule. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa, lakini sayansi na sayansi kimu, yalimokuwamo mafunzo ya huduma ya kwanza, yalifundishwa kwa Kiingereza katika madarasa ya juu ya msingi. Mwanafunzi wa Nakuru alijifunza kwa lugha ya mtihani jambo ambalo angelitenda kwa lugha ya barabarani. Vivyo hivyo sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke kisanduku cha huduma ya kwanza, lakini maandishi ya visanduku hivyo kwa kawaida ni ya Kiingereza.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu viwili ambavyo havina budi kusomwa pamoja. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ya pili huanza kando ya barabara, kabla ya lango la hospitali, na pale haina chombo kingine isipokuwa lugha ile ya kwanza.

Kazi ya wanaisimu, kwa hiyo, haikomi kwenye orodha za istilahi. Nomino zimekwisha kupatikana, na nyingi ni nzuri. Kinachosubiriwa ni sentensi: fupi, zenye kitenzi mbele, zilizojaribiwa kwa wachuuzi wa Salgaa na wachunaji wa maua wa Naivasha kabla hazijapigwa chapa, na zinazoanza kwa swali kabla ya amri. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wako maili chache tu kutoka barabara hiyo. Wakiifanya kazi hiyo hawatakuwa wameleta jambo geni katika Kiswahili, bali watakuwa wamekirudisha kitenzi ganga kwa mwenyewe, yaani kwa jirani aliye karibu na aliyeumia.